Fumbo la mantiki halibahatishwi: chapeni njia, si jibu tu

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa chemshabongo una kasoro moja isiyohitaji fedha kuirekebisha. Wiki hii mnachapa fumbo la mantiki, wiki ijayo mnachapa jibu kwa mstari mmoja: fulani alikwenda huku, fulani kule, basi. Aliyepatia anafurahi, aliyekosa anafunga gazeti, na hakuna kati yao anayejua kosa liliingilia wapi. Ndiyo maana wasomaji wengi wanayachukulia mafumbo haya kama bahati nasibu. Wanapachika majina, wanasoma vidokezo, vikikataa wanafuta na kupachika upya, mpaka karatasi itoboke.

Njia ipo na inafundishika. Tuichukue kwa mfano mdogo, ili anayesoma akiwa na penseli aweze kufuata.

Abiria wanne, Asha, Baraka, Juma na Neema, waliondoka Dar es Salaam asubuhi moja kwa mabasi manne. Mabasi yaliondoka saa 12, saa 1, saa 2 na saa 3 asubuhi. Kila abiria alikwenda mji wake: Dodoma, Iringa, Mbeya au Tanga. Nani alikwenda wapi, saa ngapi? Vidokezo ni vitatu tu:

(1) Kati ya Neema na Baraka, mmoja aliondoka saa 3 na mwingine alikwenda Mbeya.
(2) Basi la Asha liliondoka dakika 60 baada ya basi la Iringa.
(3) Neema aliondoka masaa mawili kabla ya abiria wa Tanga.

Saa nne zinaweza kugawiwa watu wanne kwa namna 24, na miji vilevile 24. Zidisha: mipangilio 576. Anayepachika majina kwa kubahatisha anatafuta mmoja kati ya hiyo, tena bila kuweka kumbukumbu ya ile aliyokwisha kuijaribu.

Chora jedwali. Upande wa kushoto andika majina manne, na chini yake miji minne. Juu andika saa nne, halafu miji minne tena. Unapata miraba mitatu yenye visanduku 16 kila mmoja: majina kwa saa, majina kwa miji, na miji kwa saa. Jumla visanduku 48. Pembe ya chini kulia inabaki tupu, maana miji kwa miji haina maana. Saa zipangwe 12, 1, 2, 3. Hili si jambo la kuchekwa. Wapo wanaopanga kwa ukubwa wa tarakimu, 1, 2, 3, 12, na hapo "kabla" na "baada" zote zinaharibika kabla kidokezo cha kwanza hakijasomwa. Shida kama hiyo ipo kwenye mafumbo ya siku: Jumatatu ina "tatu" ndani yake, lakini kama fumbo linaanza Jumatatu, hiyo ni siku ya kwanza katika jedwali lako, na iandikwe ya kwanza.

Kisanduku kinachowezekana hakiandikwi kitu. Kisichowezekana kinatiwa X. Kilichothibitika kinatiwa vema. Na kuna tabia moja ndogo inayookoa muda mwingi: X inayotoka moja kwa moja kwenye kidokezo, badala ya kuiandika X, andika namba ya kidokezo hicho. Siku mambo yakigongana utajua kosa lilitoka kwa nani, huna haja ya kufuta jedwali zima.

Sasa kidokezo cha kwanza. Kinaonekana hakisemi lolote la uhakika, ni nusu kwa nusu, na hapo ndipo mbahatishaji anaporusha shilingi. Lakini kimebeba X tano. Asha na Juma hawakuondoka saa 3, kwa kuwa aliyeondoka saa hiyo ni Neema au Baraka. Asha na Juma hawakwenda Mbeya, kwa sababu hiyohiyo. Ya tano ndiyo wengi wanaiacha: aliyeondoka saa 3 na aliyekwenda Mbeya ni watu wawili, kwa hiyo basi la Mbeya si la saa 3. Kisanduku hicho kipo kwenye mraba wa chini, ule wa miji kwa saa, ambao wengi hawaugusi mpaka mwisho.

Kidokezo cha pili kina X tatu. Asha si abiria wa Iringa. Asha hakuondoka saa 12, kwa sababu kuna basi lililomtangulia. Basi la Iringa halikuondoka saa 3, kwa sababu kuna lililolifuata.

Cha tatu kina X tano: Neema hakwenda Tanga, Neema hakuondoka saa 2 wala saa 3, kwani masaa mawili mbele yangemtoa nje ya ratiba, na basi la Tanga halikuondoka saa 12 wala saa 1.

Zimefika X 13 na hakuna vema hata moja. Ni hapa ambapo uvumilivu humwishia mtu, naye anaanza kusema "ngoja nijaribu". Asijaribu. Atazame safu ya saa 3 kwenye mraba wa majina. Asha ana X, Juma ana X, Neema ana X. Amebaki Baraka peke yake. Vema ya kwanza: Baraka, saa 3. Jaza X kwa Baraka kwenye saa 12, 1 na 2.

Rudi kwenye kidokezo cha kwanza, ambacho wengi wameshakikata mstari wakidhani kimemaliza kazi. Kama Baraka ndiye wa saa 3, wa Mbeya ni Neema. Vema ya pili. Jaza X: Neema hakwenda Dodoma wala Iringa, na Baraka hakwenda Mbeya.

Sasa inakuja hatua ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo inayomtenga mfumbuzi na mbahatishaji, na ndiyo ambayo jibu lenu la mstari mmoja haliwezi kuionyesha. Ni kuhamisha. Ukishaweka vema, vitu viwili vimekuwa kitu kimoja: Baraka na saa 3 ni kitu kimoja. Kila X iliyo kwenye saa 3 ni X ya Baraka pia, na kila X ya Baraka ni ya saa 3. Tulikwisha kusema basi la Iringa si la saa 3. Basi Baraka hakwenda Iringa. Hakuna kidokezo kinachowataja Baraka na Iringa pamoja; taarifa hiyo imesafiri kutoka mraba wa chini hadi mraba wa juu kwa kupitia vema moja. Weka X hiyo, halafu tazama safu ya Iringa: Asha X, Neema X, Baraka X. Vema ya tatu ni Juma, Iringa.

Hamisha tena. Juma na Iringa sasa ni kitu kimoja. Na hapa kidokezo cha pili kinasomwa mara ya pili. Asha haondoki saa 3 (tumelijua tangu kidokezo cha kwanza), kwa hiyo basi la Iringa, linalomtangulia kwa dakika 60, haliwezi kuwa la saa 2. Basi Juma naye si wa saa 2. Tazama safu ya saa 2: Baraka X, Neema X, Juma X. Asha ni wa saa 2. Iringa, na Juma wake, ni saa 1. Neema anabaki na saa 12. Masaa mawili baada ya Neema ni saa 2, kwa hiyo Asha alikwenda Tanga, na Baraka anabaki na Dodoma.

Kabla ya kuweka penseli chini, hesabu. Kila mraba uwe na vema 4 na X 12. Jedwali zima vema 12 na X 36. Ukiona safu yenye vema mbili au isiyo na hata moja, kuna kosa. Kisha soma vidokezo vyote vitatu upya ukivilinganisha na orodha yako ya mwisho, siyo na jedwali, kwa sababu jedwali lenye kosa hukubaliana na kosa lake.

Atatokea msomaji aseme: "Mimi nilijua tu Neema wa Mbeya ataondoka saa 12, Mbeya ni mbali." Ni kweli Mbeya iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, na ni kweli amepatia. Lakini fumbo halijui barabara. Lingeweza kumpeleka wa Mbeya saa 3 na wa Dodoma alfajiri bila kuvunja sheria yoyote. Kupatia kwa namna hiyo kuna hasara kuliko kukosa, maana wiki ijayo atatumia njia hiyohiyo. Halafu kuna jambo la msingi zaidi. Anayebahatisha akapata mpangilio unaokubaliana na vidokezo, anajua kwamba mpangilio mmoja unakubali. Hajui kama ndio pekee. Aliyekwenda kwa X na vema amekwisha kuthibitisha vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu kila X aliyoweka ilikuwa ya lazima. Mkitoa zawadi kwa droo, tofauti hiyo ina uzito: fumbo lenye majibu mawili litawatoa kijasho mbele ya wasomaji.

Na majibu mawili huingia kirahisi kuliko mnavyodhani, hasa kwa Kiswahili. Rudini kwenye kidokezo cha tatu. Tumeandika "masaa mawili" makusudi, tukijua walimu wa lugha watatukunjia uso. Tuandike sasa kwa usanifu: "Neema aliondoka saa mbili kabla ya abiria wa Tanga." Msomaji mmoja ataelewa kwamba alimtangulia kwa muda wa saa mbili. Mwingine ataelewa kwamba Neema aliondoka saa mbili asubuhi, kabla ya yule wa Tanga. Wote wawili wamesoma sawasawa. Fuata maana ya pili uone: Neema saa 2, wa Tanga lazima awe wa saa 3, ambaye ni Baraka, Neema ni wa Mbeya, Juma saa 12 kwenda Iringa, Asha saa 1 kwenda Dodoma. Mpangilio umekamilika, vema 12, X 36, hakuna mgongano hata mmoja, na ni tofauti na ule wa kwanza. Neno moja la saa limezaa majibu mawili safi. Hakuna hila ya jedwali itakayogundua kosa hilo. Ni mhariri tu anayeweza kulizuia, kwa kuandika "muda wa saa mbili" au, kama sisi, kukubali "masaa".

Tukiufuta muda wenyewe na kuandika tu "Neema aliondoka kabla ya abiria wa Tanga", mipangilio inayokubalika inakuwa mitatu. Tukikiondoa kidokezo chote, inakuwa minane.

Mafumbo yanayotafsiriwa kutoka Kiingereza yana ugonjwa wake. Kiingereza hutofautisha mwanamume na mwanamke kwenye kiwakilishi, na watunzi wa huko hutumia jambo hilo kama kidokezo cha kimyakimya: kidokezo kikisema aliyenunua baiskeli ni wa kike, wanaume wote wanapata X hapohapo. Kikifika kwetu kinakuwa "aliyenunua baiskeli", na zile X zimepotea njiani. Mfasiri hakukosea sarufi, ila fumbo limebaki na pengo. Dawa ni kuandika "mwanamke aliyenunua baiskeli".

Maneno mengine ya kuchunga ni "alifuata" (papo hapo nyuma yake, au wakati wowote baadaye?), "jirani" (upande mmoja au pande zote?), "kulia kwa" (kulia kwa anayetazama au kwa anayetazamwa?) na "siku ya tatu baada ya", ambayo wengine huhesabu wakianzia siku yenyewe. Kwa siku, angalau, tuna kesho kutwa na mtondo, ambayo hayana utata. Sijui kwa nini watunzi hawayatumii.

Inabaki hoja ya wanaosema kwamba mafumbo makubwa hayawezekani bila kubahatisha kidogo. Mkubwa wa mafumbo haya ni lile la pundamilia, lililochapwa na jarida la Life International tarehe 17 Desemba 1962, jibu likatolewa tarehe 25 Machi 1963. Nyumba tano, rangi tano, mataifa matano, vinywaji, sigara na wanyama. Maelezo 15, na maswali mawili: nani anakunywa maji, nani anamiliki pundamilia. Kwa jedwali letu ingekuwa miraba 15 na visanduku 375, na mipangilio ni 120 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tano, yaani 24,883,200,000. Linazunguka kwenye WhatsApp likidaiwa kutungwa na Einstein akiwa mtoto, na kwamba ni asilimia 2 tu ya watu duniani wanaoliweza. Hakuna ushahidi wa lolote kati ya hayo. Toleo lile la 1962 linataja sigara za Kools, ambazo ziliingia sokoni mwaka 1933. Einstein alizaliwa 1879.

Mwanzo wa fumbo hilo hauna bahati ndani yake. Mnorwe anaishi nyumba ya kwanza, na ni jirani wa nyumba ya buluu. Nyumba ya kwanza ina jirani mmoja tu, kwa hiyo ya buluu ni ya pili. Nyumba ya Mnorwe ni rangi gani? Si buluu. Si nyekundu, hiyo ni ya Mwingereza. Ya kijani iko mara tu kulia kwa ile ya rangi ya pembe za ndovu, kwa hiyo ya kijani haiwezi kuwa ya kwanza. Na ya rangi ya pembe haiwezi kuwa ya kwanza pia, kwani ya pili ingelazimika kuwa ya kijani, nayo tayari ni ya buluu. Imebaki njano. Kutoka hapo inajulikana sigara ya Mnorwe, na farasi anakaa nyumba ya pili.

Hatua chache mbele, kweli, njia nyeupe huisha, na wafumbuzi wengi hulazimika kusema "tuseme". Lakini "tuseme" si kubahatisha, ikiwa inafanywa inavyotakiwa. Chagua safu ambayo imebakiwa na visanduku viwili tu vinavyowezekana, siyo vitano, na utie vema kimoja. Alama zote unazoweka chini ya "tuseme" ziwe za namna nyingine: herufi ndogo, au penseli ya rangi. Zifuate mpaka zigongane. Zikigongana, uwezekano ule umekufa, na wa pili umethibitika kwa wino. Zisipogongana, hujathibitisha kitu. Hapo ndipo watu wanapodanganyika: wanaona mambo yanakwenda vizuri kwa hatua sita, wanasahau kwamba walianza na "tuseme", na wanaanza kuandika kwa alama za kawaida. Mgongano ukija baadaye hawajui tena X ipi ni ya kweli na ipi ilizaliwa na dhana. Zisipogongana, futa zote, jaribu kisanduku kingine. Na kabla ya "tuseme" yoyote, pitia vidokezo vyote upya na uhamishe kila vema iliyopo. Katika mafumbo ya magazeti, mara nyingi aliyekwama amesahau kuhamisha tu.

Tunachoomba basi, Mhariri, ni hiki. Vidokezo vipewe namba. Jedwali tupu lichapwe kando ya fumbo. Kwa visanduku vya milimita 5, jedwali la visanduku 48 halizidi sentimita 4 kila upande ukiacha majina, na majina ya miji yanaweza kuandikwa wima. Jibu la wiki inayofuata litaje mpangilio wa hatua: kidokezo namba fulani, X ngapi, vema ipi, imehamia wapi. Kwa fumbo kama hili la mabasi, mistari minane inatosha. Na kabla ya kuchapa, fumbo lipewe mtu ambaye hakulitunga wala kulitafsiri, alifumbue kwa jedwali, asiambiwe jibu. Akirudi na jibu tofauti na lenu, msimwambie amekosa kabla hamjasoma upya kila kidokezo chenye neno "saa".

Wasomaji wenu,
Morogoro